Aliyeiruhusu Meli Iondoke Naye Aulizwe

Hotuba kwa mabaharia, familia zao na vijana wanaosomea ubaharia, Unguja. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, mabaharia wenzangu, na nyinyi vijana mnaoingia katika kazi hii: ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie uwajibikaji baharini. Nimeamua kuanza mbali, na meli ya kivita ya nchi ambayo wengi wetu hatujaikanyaga. Misiba ya kwetu tunaijua kwa uchungu, na uchungu ukizidi mtu hushindwa kuuliza. Tuanze na wenzetu, kisha turudi nyumbani.

Usiku wa tarehe 18 Desemba 2022, meli ya Jeshi la Wanamaji la Thailand iitwayo HTMS Sukhothai ilizama katika Ghuba ya Thailand, kilomita 30 hivi kutoka pwani ya wilaya ya Bang Saphan, mkoa wa Prachuap Khiri Khan. Ilikuwa korveti, yaani meli ndogo ya kivita, ya urefu wa mita 76 na ushei. Ilijengwa Tacoma, katika jimbo la Washington, Marekani, na kuanza kazi mwaka 1987. Ndani yake walikuwamo watu 105. Waliookoka ni 76. Waliopatikana wamekufa ni 24, na watano hawajapatikana mpaka leo.

Haikupigwa kombora, wala haikuwa vitani. Ilikuwa inakwenda kwenye sherehe. Tarehe 19 Desemba ni siku aliyozaliwa Mwanamfalme Abhakara, ambaye Wathai humwita baba wa jeshi lao la wanamaji, na Sukhothai ilikuwa ielekee Chumphon kwa maadhimisho hayo. Kwa ajili ya sherehe hiyo walipandishwa watu 30 hivi juu ya mabaharia wake wa kawaida. Naomba muishike hiyo namba ya watu 30, kwa sababu ndiyo iliyowasha moto nchini Thailand.

Desemba kule, kama huku, ni msimu wa pepo za kaskazini mashariki. Bahari ilichafuka jioni ile, mawimbi yakapanda, maji yakaanza kuingia ndani. Yakafika kwenye umeme. Umeme ulipokatika, pampu za kufua maji zikasimama, na injini nazo zikazima. Baharia yeyote aliyemo humu anajua kinachofuata. Meli isiyo na injini haiwezi kuelekeza omo, yaani upande wake wa mbele, kwenye wimbi. Inageuka, inaweka ubavu, na kila wimbi linaloupiga huo ubavu linaongeza maji upande ule ule. Meli inainama. Vitu vilivyokuwa vimefungwa vinafunguka, na maji yaliyo ndani yanakimbilia chini upande ulioinama na kuuvuta zaidi. Wakati huo watu wako gizani, maana taa nazo zimezima, na mlango unaotaka kuufunga ili maji yasipite umegeuka na kuwa sakafu.

Meli nyingine zilitumwa na pampu za kubeba, lakini iliyowahi kufika ni frigeti, yaani meli ya kivita kubwa kuliko korveti, iitwayo HTMS Kraburi, ambayo ndiyo iliyookoa walio wengi. Saa tano na nusu usiku Sukhothai ikaenda chini, tezi, yaani upande wa nyuma, ikitangulia. Mmoja wa walionusurika aliokotwa baada ya saa zaidi ya 40, akielea ameshikilia boya.

Sasa yale maswali. Siku zilezile za kwanza, kabla hata maiti zote hazijapatikana, wazazi na ndugu wa wale waliopandishwa kwa ajili ya sherehe walianza kusema kwamba watoto wao hawakupewa maboya ya kuvaa. Mkuu wa Jeshi la Wanamaji wakati huo, Admirali Choengchai Chomchoengpaet, alikiri hadharani kwamba maboya hayakutosha kwa watu 30 walioongezwa. Baadaye akaeleza kuwa kuwa na boya au kutokuwa nalo hakukuwa ndiyo sababu ya nani alipona na nani alikufa.

Ndugu zangu, hebu tukae hapa kidogo. Boya la kuvaa ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo ndani ya meli ya kivita. Halihitaji fundi. Linahitaji mtu mmoja mwenye orodha ya waliopanda mkono mmoja na mkono wa pili anahesabu kabatini. Hesabu ile ingefanywa gatini, kabla kamba hazijafunguliwa, ingechukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Aliyetia saini kwamba watu 105 wapande, alikuwa na namba. Aliyekabidhiwa maboya, alikuwa na namba. Namba mbili hizo hazikuoana, na meli ikaondoka. Kwangu mimi kesi nzima ya Sukhothai iko hapo, hata tusingejua lolote jingine kuhusu mawimbi na upepo.

Na waliopotea hawakuwa wote askari wa kazi ya maisha. Thailand huita vijana jeshini kwa kura kila mwaka; kijana anatia mkono ndani ya chombo, akitoa karatasi nyekundu anakwenda kutumikia, akitoa nyeusi anarudi nyumbani. Miongoni mwa waliokuwamo melini walikuwapo vijana wa namna hiyo, ambao sisi tungewaita wa mujibu wa sheria. Mzazi ambaye mtoto wake alichukuliwa kwa karatasi nyekundu ana haki kubwa zaidi ya kuuliza, kwa sababu hakumpeleka yeye. Serikali ilimchukua, ikamweka kwenye meli, na jukumu la kumrudisha likawa la serikali.

Uchunguzi ukaanza. Uliendeshwa na jeshi lenyewe. Wabunge wa upinzani wakaibana serikali bungeni, magazeti yakauliza, na umma ukataka jambo moja lililo wazi kabisa: meli inyanyuliwe, ili kila mtu aone ilitobokea wapi na kwa nini. Ziliahidiwa fedha, baht milioni 200, za kuiinua. Mwaka mzima ukapita. Likaingia suala la kwamba meli ilijengwa Marekani na ina teknolojia ya kijeshi ya Marekani, hivyo haiwezi kushikwa na kampuni yoyote tu. Mwishowe, Februari na Machi 2024, wapiga mbizi wa majeshi ya wanamaji ya Thailand na Marekani walizamia pamoja, wakaipekua, wakapandisha baadhi ya vitu na kuziondolea silaha zake hatari. Meli yenyewe ikaachwa chini.

Tarehe 9 Aprili 2024 jeshi likaita waandishi wa habari. Likasema hali ya hewa ilikuwa mbaya, maji yaliingia kupitia matundu, na kamanda wa meli alikosea katika uamuzi wake, kwa kutaka kuirudisha meli kituo chake cha Sattahip badala ya kukimbilia pwani ya karibu. Kamanda mwenyewe alikuwapo. Alisema anabeba dhamana na kwamba ataacha kazi. Adhabu yake ya kijeshi ilikuwa kufungiwa siku 15.

Siku 15, na watu 29 hawapo. Sikuileta namba hiyo ili niseme afungwe maisha. Mimi nina neno jingine kabisa kuhusu yule kamanda, na najua baadhi yenu hamtalipenda.

Nahodha ana dhamana ya meli yake, hilo halina mjadala, na kama alikosea njia aulizwe. Lakini tazameni mlolongo. Nahodha hakupanga sherehe. Hakuamua kwamba watu 30 wapelekwe kwa meli ya miaka 35 msimu wa upepo mkali, wakati barabara ya kwenda Chumphon ipo. Bajeti ya matengenezo haikupangwa naye. Kama bamba la chuma la ubavu lilikuwa limelika, kuna mtu alilipima, akaandika unene wake, na kuna mtu mwingine alisoma alichoandika. Hao wote wana majina na vyeo, na wana saini. Mwisho wa hadithi hii ukiwa ni mtu mmoja aliyekuwa usukani saa ile, basi wale wengine wote wamerudi ofisini kwao asubuhi iliyofuata, na meli inayofuata itapita mikononi mwao.

Niwaambie kwa nini nalishikilia jambo hili. Mimi ni mtu wa chumba cha injini. Kwenye meli moja niliyofanya kazi, ya mizigo, siyo ya jeshi, niliandika kwenye kitabu cha matengenezo kwamba pampu ya dharura haivuti. Niliandika kwa kalamu ya wino mweusi, tarehe na saini. Jibu lililotoka ofisini lilikuja kwa simu: ondokeni, itatengenezwa mkirudi. Jibu la simu halina saini. Tulikwenda, bahari ikatuhurumia, tukarudi, na pampu haikutengenezwa hata baada ya hapo. Lau tungezama, kitabu changu kingezama nami, na yule wa kwenye simu angehudhuria mazishi.

Ndiyo maana nasema, watu wanapodai uwajibikaji baada ya meli kuzama, wasikubali kupewa mtu kabla hawajapewa karatasi. Amri ya safari ilitolewa na nani? Orodha ya waliopanda iko wapi, na ya maboya? Mara ya mwisho meli kupanda chelezoni, kule inakotengenezewa, ilikuwa lini, na fundi aliandika nini? Utabiri wa hali ya hewa wa asubuhi ile ulimfikia nani? Batli, yaani kitabu cha kumbukumbu za safari, na mawasiliano ya redio kati ya meli na makao makuu: nani aliomba ruhusa ya kufanya nini, na akajibiwa nini? Haya ndiyo yanayoupandisha uwajibikaji kutoka usukani hadi kwenye meza za ofisini.

Mtaambiwa ni siri ya jeshi. Hoja hiyo nzito naichukulia kwa uzito wake, kwa sababu jeshi kweli lina siri, na mimi sitaki adui ajue rada ya meli yetu inaona umbali gani. Lakini idadi ya maboya haina adui wa kuifaidi. Unene wa bamba lililooza ndani ya meli ambayo tayari iko chini ya bahari hauwezi kuisaidia nchi nyingine kutushinda. Siri inayobaki hapo ni aibu ya mtu fulani. Bunge linaweza kusikiliza kwa faragha yale yanayostahili faragha, na mengine yakasomwa mbele ya wazazi.

Wakasema pia kuinua meli ni gharama na hatari. Tulinganishe basi. Nyambizi ya Urusi, Kursk, iliyozama Agosti 2000 na watu 118, ilikuwa na uzito wa maelfu kwa maelfu ya tani, imelala zaidi ya mita 100 chini kwenye Bahari ya Barents. Oktoba 2001 sehemu yake kubwa ilikuwa imenyanyuliwa. Korveti ya Korea Kusini, Cheonan, ilizama tarehe 26 Machi 2010 na mabaharia 46 wakafa. Iligawanyika vipande viwili, na vyote viwili vilikuwa juu kabla Aprili haijaisha. Feri ya Sewol, pia ya Korea Kusini, ilizama Aprili 2014 ikaua watu 304, wengi wao wanafunzi. Wazazi walikaa kwenye hema, waliandamana, walinyoa vichwa hadharani, na Machi 2017 feri ile ya tani zaidi ya 6,000 ikaibuliwa kutoka mita 40 na kitu. Sukhothai haifiki hata tani 1,000, na haikulala kwenye kina cha ajabu. Sisemi kazi ilikuwa rahisi. Nasema iliwahi kufanywa, kwa meli kubwa zaidi, na katika kila moja ya hizo kulikuwa na watu waliokataa kunyamaza.

Hapo ndipo nataka niwapeleke Argentina, maana kwenye suala la kukataa kunyamaza sijaona wa kuwapita wale.

Tarehe 15 Novemba 2017, nyambizi ya Argentina, ARA San Juan, ilikata mawasiliano ikiwa safarini kutoka Ushuaia, kusini kabisa mwa nchi, kurudi kituo chake cha Mar del Plata. Ilikuwa na watu 44. Ilijengwa Ujerumani, ikaanza kazi 1985, na ikafanyiwa ukarabati mkubwa wa miaka kadhaa ambapo ilikatwa katikati ili betri zake zibadilishwe, ikarudi kazini mwaka 2014. Miongoni mwa hao 44 alikuwamo Eliana Krawczyk, mwanamke wa kwanza kuwa ofisa wa nyambizi nchini humo.

Mwanzoni familia ziliambiwa ni tatizo la mawasiliano. Zikakusanyika kituoni Mar del Plata, zikapewa maneno ya matumaini. Kumbe nyambizi ilikuwa imetuma ujumbe asubuhi ile: maji ya bahari yameingia kupitia mfumo wa hewa hadi kwenye tangi la betri namba 3, yamesababisha shoti na moto kuanza, betri za mbele hazifanyi kazi, watu wote wazima, nitaendelea kutoa taarifa. Maneno kamili ya ujumbe huo familia ziliyapata pamoja na umma, kupitia televisheni, karibu majuma mawili baadaye.

Tarehe 23 Novemba ndipo waliposikia habari ya mlio. Vituo vya kusikiliza chini ya bahari, vilivyowekwa ili kunasa majaribio ya mabomu ya nyuklia, vimo kwenye visiwa vya Ascension na Crozet, maelfu ya kilomita kutoka pale. Vilinasa kishindo saa chache baada ya ujumbe wa mwisho. Msemaji wa jeshi alikitaja kuwa tukio fupi na kali linalolingana na mlipuko. Siku hiyo kituo cha Mar del Plata kilijaa vilio, na ndugu wakatoka nje wakisema tumedanganywa. Tarehe 30 jeshi likatangaza kwamba halitafuti tena watu wa kuokoa.

Mama zangu mliomo humu, wanawake wale hawakurudi nyumbani. Mwaka 2018 walipiga hema katika uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, mjini Buenos Aires, wakakaa siku zaidi ya 50 za baridi ya huko. Baadhi yao walijifunga minyororo. Uwanja huo una historia yake, kwani tangu 1977 ndipo akina mama wa vijana waliopotezwa na utawala wa kijeshi walipokuwa wakizunguka kila Alhamisi na vitambaa vyeupe kichwani. Dai la familia za San Juan lilikuwa moja tu, serikali ilipe kampuni yenye vifaa vya kutafuta kwenye kina kirefu. Serikali ikakubali. Kampuni ya Ocean Infinity ikapewa mkataba wa dola milioni 7.5 zitakazolipwa endapo tu nyambizi itapatikana, na tarehe 16 Novemba 2018, mwaka mmoja na siku moja tangu ipotee, ikaonekana, mita 907 chini, imefinywa na maji. Mabaharia wa meli ya utafutaji walikwenda pamoja na ndugu wanne wa waliopotea, ambao familia ziliwatuma wakatazame kwa macho yao. Hilo nalo lilidaiwa, halikutolewa kwa hisani.

Na baada ya kupatikana wakaendelea. Tume ya bunge la nchi hiyo ilitoa ripoti yake 2019 ikitaja upungufu wa matengenezo na wa bajeti. Maofisa wanne wa juu walifunguliwa mashtaka. Hao hawakuwa wa ndani ya nyambizi, maana wa ndani wote wamekufa. Walikuwa wa nchi kavu, akiwamo aliyekuwa kamanda wa kikosi cha nyambizi, Claudio Villamide, na juu yake mwenye cheo cha admirali. Mwaka 2021 baraza la kijeshi likamfukuza Villamide jeshini. Mkuu wa jeshi zima la wanamaji, Marcelo Srur, alikuwa ameshaondolewa tangu Desemba 2017.

Gharama waliyoilipa familia ilikuwa kubwa. Iligundulika kwamba idara ya ujasusi iliwafuatilia, ikakusanya habari zao na za mikutano yao. Jaji mmoja alimfungulia mashtaka rais wa zamani Mauricio Macri, na mwaka 2022 majaji wa rufaa wakamwondolea, wakisema kilichofanyika kilihusu usalama wa rais. Mnaweza kuwa na maoni yenu juu ya uamuzi huo. Mimi ninachokiona ni mama aliyepotelewa na mtoto, amebeba bango lenye picha yake, na mtu wa serikali amekaa pembeni anaandika jina la huyo mama kwenye faili.

Haya, turudi kwetu, na hapa sitakaa sana kwa sababu kila mmoja ana jina lake moyoni.

Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama usiku mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa abiria 600. Tume ya uchunguzi ilikuta ilibeba zaidi ya watu 2,400. Haikutimia hata mwaka, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Skagit, kwa wasiojua, kabla ya kuletwa huku ilibeba abiria Seattle, katika maji yale yale ya Puget Sound ambako Tacoma ipo, mji ilikojengwa Sukhothai. Dunia ya meli ni ndogo, na chombo kikizeeka kwa wengine huanza safari nyingine kwetu.

Baada ya Skagit, waziri aliyehusika na usafiri hapa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Ninaliheshimu jambo lile. Hapa kwetu kuachia ngazi si mazoea, na yeye aliachia. Lakini nawauliza nyinyi mliosimama hapa mjini, pale Maisara na Malindi, mkisubiri majina: mliwahi kusomewa jina la aliyehesabu abiria gatini usiku wa Spice Islander? Aliyekata tiketi baada ya ile ya mia sita? Waziri yuko juu kabisa na nahodha yuko chini kabisa, na katikati yao kuna ngazi nzima ya watu. Uwajibikaji wa kweli unapita ngazi kwa ngazi, hauruki.

Vijana, sasa nasema nanyi. Mtakapokuwa mainjinia na maofisa, kila kasoro iandikeni, na mwombe jibu kwa maandishi. Mkipigiwa simu, baada ya simu andikeni: nimepigiwa saa fulani na fulani, ameniagiza hivi. Chukueni picha ya ukurasa, muitume kwa mtu aliye nchi kavu kabla hamjang'oa nanga. Hamtapendwa kwa hilo. Kuna watakaowaita wakorofi, na huenda mkataba wenu usirudiwe. Sitawadanganya kwamba ni jambo jepesi kwa mtu mwenye watoto wa kulisha.

Na familia: msisubiri msiba ndipo mjuane. Wathai waliopotelewa na watoto walikutana hospitali na kwenye mazishi, kila mmoja akibeba kipande chake cha habari. Waargentina walikusanyika kituoni Mar del Plata, wakajuana, wakasimama pamoja. Tofauti hiyo ilionekana baadaye. Jueni namba za simu za wake na waume wa mabaharia wenzenu. Mchagueni mmoja anayeweza kusoma ripoti ya kiufundi bila kutishika, na mwingine anayeweza kusimama mbele ya kamera bila kukasirika haraka. Siku ya kwanza ya msiba, ombeni mambo matatu kwa maandishi, na barua igongwe muhuri wa kupokelewa: orodha ya waliopanda, kumbukumbu za matengenezo, na mchunguzi asiye wa idara iliyoimiliki meli. Hilo la mwisho ndilo watakalolikataa kwanza. Thailand jeshi lilijichunguza lenyewe, likajikuta halina kosa kubwa kuliko la kamanda mmoja. Sina haja ya kusema walisema uongo ili nione kasoro ya utaratibu huo. Hata wangesema kweli tupu, baba aliyezika mwanawe angeaminije?

Kuna baba na mama watano huko Thailand ambao hawana kaburi la kwenda. Wapiga mbizi walipekua, hawakuwaona watoto wao. Meli iko pale, haiko mbali, haiko ndani sana. Kwao kesi haijafungwa, na mimi sioni kwa nini iwe imefungwa kwa mtu mwingine yeyote.

Nimemaliza yangu. Ahsanteni kwa subira yenu. Kipaza sauti kianzie kwa hawa mama waliokaa mbele, halafu ndio tuje kwa waheshimiwa.